Wiki Tatu za Kumfundisha Punda Kuvuka Lami

Likizo ya Agosti mwaka juzi niliimaliza yote nikimfundisha punda. Walimu wenzangu wa Malili walinicheka mpaka wakashika mbavu, ati mwalimu wa darasa la nne amekosa wanafunzi. Mimi sikuwa nacheka. Punda huyo asipojifunza, mama angehamishwa nyumbani kwake.

Wacha nieleze. Mama anaishi upande wa Tseikuru, peke yake tangu baba afariki. Macho yake yaliharibiwa polepole na presha ya macho, na daktari alituambia bila kuzunguka kwamba kilichoenda hakirudi. Ndani ya boma lake hana shida. Anapika, anachambua ndengu kwa vidole, anajua ni mbuzi gani amepita hata kabla hajalia. Nje ya lango ni ukungu mtupu. Kwa hivyo swali la kila siku lilikuwa maji, na kwa miaka mingi jibu lake lilikuwa punda.

Kwetu punda hahitaji kusindikizwa. Unamfunga mitungi minne mitupu, miwili kila upande, unampiga kofi kiunoni, naye anashuka mtoni peke yake. Kule kwenye visima vya mchangani, yeyote aliyepo anamjazia. Hakuna anayeuliza ni wa nani, maana mitungi inajulikana kwa vifuniko, na ya mama ilizibwa kwa magunzi yaliyovikwa nailoni ya bluu. Usipomjazia punda wa mwenzako utasemwa mpaka kanisani. Kisha punda anapanda kilima mwenyewe, taratibu, maji yakicheza ndani ya mitungi, na mama akisikia kwato anatoka na bakuli la pumba. Analigonga kwa kijiko, ngo, ngo, ngo, na punda anaongeza mwendo.

Sauti hiyo naijua kwa tumbo. Tulipokuwa wadogo mama alituita chakula vivyo hivyo, kwa kugonga bakuli, na mpaka leo nikiisikia mate yananijaa mdomoni hata kama nimetoka kula sasa hivi. Chuoni tuliposomeshwa habari za yule mtaalamu na mbwa wake, aliyedondokwa na mate kwa kusikia kengele, darasa lote lilicheka. Mimi nilinyamaza. Nilijua mbwa huyo ni nani.

Basi malori yakaja kuchota mchanga. Yalichota msimu baada ya msimu, mpaka mto ukabaki mwamba, na maji yanayolala ndani ya mchanga yakakosa pa kulala. Visima vikakauka. Serikali ikachimba kisima cha sola, maji matamu kabisa, lakini ng'ambo ya barabara mpya ya lami, upande wa sokoni. Kutoka lango la mama, mtoni ni kushoto na kisima ni kulia. Punda alikuwa amegeuka kushoto maisha yake yote. Na lami aliiogopa, kwa sababu ndiko malori yanakopita.

Majirani walisaidia. Kila siku mtu fulani aliacha mtungi langoni. Mama alishukuru, lakini nilimsikia kwenye simu sauti yake ikipungua, mpaka siku moja akaniambia amekuwa mzigo wa watu. Kaka yangu mkubwa, anayefanya kazi mjini Wote, akaamua. Shule zikifunguliwa na punda hajui njia, atakuja na pikapu, ambebe mama, amlete kwangu Malili.

Kwangu ni vyumba viwili nyuma ya maduka, hatua chache kutoka barabara kuu ya Mombasa. Mama aliwahi kukaa pale mwezi mmoja. Kila trela lilipofunga breki alishtuka, akashika ukingo wa kitanda, akauliza ni nini. Mimi nilikuwa sijasikia kitu. Miaka kumi kando ya barabara imenifunga masikio. Trela zinapita kichwani mwangu na siamki, siangalii, sijui hata kama zimepita. Nilimwambia atazoea. Hakuzoea. Siku aliyorudi kwake aliniambia kwamba mahali pale mtu anaweza kulia na asisikike, na niliumia, kwa sababu ndipo ninapoishi.

Kwa hivyo nilikata maneno na kaka yangu. Nikamwambia anipe hiyo likizo. Akacheka, akasema samaki mkunje angali mbichi, na punda wa mama alishakauka zamani. Nikamjibu kwamba hata yeye alifundishwa kufunga kamba za viatu akiwa darasa la tano, na bado akajua. Tukaachana hapo.

Nikizikumbuka wiki zile tatu, zinanijia zimechanganyika, asubuhi moja ndani ya nyingine. Agosti kule kuna baridi kidogo alfajiri, halafu upepo unaanza, na vumbi linanyanyuka na kukaa hewani bila haraka ya kushuka. Milima ya mbali inafutika. Mchana kila kitu kinasinzia, kuku, mbuzi, hata redio ya jirani inaongea kwa uvivu. Nilitembea ndani ya vumbi hilo na punda nyuma yangu, na kuna wakati sikujua nimeamka au bado nimelala.

Niliandika ratiba. Mama akaisikia kalamu ikikwaruza karatasi, akauliza naandika nini. Nilipomwambia, alicheka mpaka akaketi chini. "Mwalimu," akasema, "huyo mwanafunzi hana pa kuishika kalamu."

Wiki ya kwanza ilikuwa ya lami tu. Nilimpeleka punda mahali anapoweza kuliona lori bila kutetemeka, mbali, karibu na ua wa minyaa wa kanisa, tukasimama. Lori likipita, masikio yake yanasimama wima na ngozi ya bega inacheza. Tunangoja. Linapita jingine. Masikio yanasimama tena, lakini si kwa muda mrefu. Jingine. Kufikia saa nne masikio yalikuwa yanageuka kidogo tu, kama mtu anayeitikia bila kusikiliza, na saa tano alikuwa anakula majani. Kesho yake tulisogea hatua ishirini. Hofu yake iliamka upya, lakini haikuamka yote. Tukasimama mpaka ikachoka.

Hiyo ndiyo elimu ndogo kuliko zote, na sikuwahi kuiona ikifanyika mbele ya macho yangu namna ile. Mwili unauliza, hiki kitanidhuru? Haumizwi. Unauliza tena. Mwishowe unaacha kuuliza. Hata konokono anaifanya. Nilisimama pale kando ya barabara nimeshika kamba, jua likinipiga utosini, nikawaza mambo mengi niliyoacha kuyauliza mimi, na mojawapo, nikiwa kazini Malili, ni simu ya mama ya kila jioni. Anapiga, inalia mara mbili, anakata, nijue yuko hai. Miaka ya kwanza nilikuwa nampigia hapo hapo. Baadaye nikawa naona tu jina lake kwenye simu na kuendelea kusahihisha madaftari. Haki ya Mungu sikuwa na ubaya. Nilikuwa nimezoea.

Siku ya sita dereva mmoja mpumbavu alituona tumesimama ukingoni, akapiga honi ndefu kwa kutufurahia. Punda aliruka, akanivuta kwenye miiba, kamba ikanichuna kiganja. Nilimtukana dereva huyo kwa Kikamba mpaka mama mmoja wa kanisani akaniangalia vibaya. Jioni ile kila lori lilikuwa jipya tena kwa punda. Ikabidi turudi kwenye minyaa tuanze upya. Lakini nilishangaa: mara ya pili alichukua siku moja na nusu tu. Kumbe kilichokuwa kimejengwa hakikuwa kimebomoka chote.

Wiki ya pili tukavuka. Kwanza nikimwongoza kwa kamba, halafu nikitembea kando yake, halafu nyuma, halafu nyuma sana. Kule kisimani mhudumu wa kioski cha maji alikuwa mwanamke mmoja aliyeimba kwaya pamoja na mama zamani. Nilimwachia debe dogo la pumba, akakubali kumpa punda konzi moja kila afikapo, na kumjazia kama walivyofanya mtoni. Nyumbani mama angempa bakuli lake akirudi na maji. Malipo huku, malipo kule. Nilijivuna kweli. Punda alikuwa anaanza kuongeza mwendo akikiona kioski, na akisikia bakuli la mama kwa mbali alikuwa karibu anakimbia, maji yakimwagika.

Jumatatu ya wiki ya tatu nilimjaribu peke yake. Nilitangulia kisimani, nikaketi kwenye kivuli cha kioski kumsubiri. Mama ndiye angemtoa langoni. Saa mbili, saa tatu, saa nne. Punda hakuja. Niliporudi nilimkuta bomani amelala juani, mitungi mitupu imewekwa ukutani. Mama akasema alimsikia akigeuka kushoto, kwenda mtoni, na akarudi hivyo hivyo.

Jumanne vivyo hivyo. Jumatano vivyo hivyo. Nikienda naye, anavuka lami kama mzee wa kanisa anayeelekea kwenye kiti chake. Nikimwacha, anageuka kushoto. Sikuelewa. Vitabu vinasema tabia isiyolipwa inakufa, na mtoni hakukuwa na malipo yoyote, ni mwamba na kinyesi kikavu cha ng'ombe. Nini kilimrudisha huko? Jumatano jioni hasira zilinishinda, nikamchapa fimbo mbili za mgongo. Mama alisikia. Alitoka akipapasa ukuta, akanyoosha mkono, nami nikampa fimbo kama mtoto. Akasema kwa upole kwamba punda amezeeka, nisimlaumu, njia ya zamani imemkaa miguuni.

Kaka yangu akapiga simu usiku huo huo. Pikapu imepatikana, angekuja Jumatatu. Aliniambia nianze kufunga vyombo vya mama pole pole, nisimshtue. Nilitoka nje nikalia kando ya tangi tupu. Nilikuwa namwona mama ameketi kwenye kitanda changu, ameshika ukingo wake, kila siku, mpaka mwisho wa maisha yake.

Alhamisi nikaenda tena kisimani. Sikuwa na matumaini, nilikwenda tu. Nilikaa nusu saa, nikachoka kulitazama lile vumbi, nikaamua kurudi nyumbani kwa njia ya nyuma, ile inayopita katikati ya mashamba yaliyovunwa. Upepo ulikuwa unavuma kutoka bomani kuja kwangu. Ndipo nikaisikia. Ngo, ngo, ngo.

Mate yakanijaa mdomoni. Nikasimama. Nikajiambia labda punda amepita kisimani nilipoondoka, labda amerudi na maji. Nikatembea haraka, karibu nikikimbia, nikafika nyuma ya jiko.

Punda alikuwa amesimama mlangoni, mitungi ikining'inia mitupu mgongoni, nyepesi, ikigongana kwa upepo. Kichwa chake kilikuwa ndani ya bakuli. Si pumba tu, mama alikuwa amemtilia na chumvi. Mkono wake mmoja ulikuwa shingoni mwa punda, anamkuna, na alikuwa anaongea naye kwa sauti ya chini, ile aliyotumia kutubembeleza tulipokuwa na homa.

"Kula. Leo pia umefanya vizuri."

Nilielewa yote kwa mara moja, kama mwalimu, kabla sijaelewa kama mtoto wake. Jumatatu alimlipa. Jumanne alimlipa. Jumatano, wakati nimekaa kwenye kivuli cha kioski nikiangalia saa, mama alikuwa anamfundisha punda kwenda mtoni na kurudi bila maji. Mimi nilikuwa na ratiba, yeye alikuwa na bakuli, na bakuli lilikuwa linashinda.

Nadhani nilikanyaga kijiti, maana aligeuka. Masikio yake hayajawahi kuharibika.

"Mwaitu," nikasema, jina tunalowaita mama zetu, "kwa nini unampa na mitungi ni mitupu?"

Punda aliendelea kutafuna. Niliona mkono wa mama ukitafuta kitu cha kushika na ukarudi palepale shingoni.

"Akijua njia," akasema, "utaenda."

Nilikasirika, siwezi kudanganya. Nilimwuliza kama anajua pikapu inakuja Jumatatu, kama amesahau Malili, kama anataka kukaa kwenye kile kitanda. Nilisema mengi na mengine yalikuwa makali. Alinisikiliza yote. Kisha akanieleza bila kujitetea, kama mtu anayesimulia jinsi ya kupika muthokoi. Alijua siku zote zilizobaki, alikuwa anazihesabu. Alijua punda si mjinga, siku mbili zingemtosha. Alikuwa amepanga kuacha kumlipa bure Ijumaa. Siku nne hizo alizichukua kwa ajili yake mwenyewe, basi. Tangu nianze kazi sijawahi kulala kwake wiki tatu mfululizo. Alisema asubuhi alikuwa anaamka kabla yangu, anaketi nje ya mlango wangu, anasikiliza nikikoroma.

Hasira ikaniisha. Niliketi chini pale penye kivuli cha jiko, yeye akaketi kando yangu, tukakaa hivyo mpaka mbuzi walipoanza kurudi.

Ijumaa alifanya kazi yake. Alimtoa punda langoni mwenyewe. Punda akaenda kushoto, akarudi baada ya saa moja, akasimama mlangoni akingoja. Mama alitoka, akainua mtungi mmoja kwa vidole viwili, ukainuka. Akageuka, akaingia ndani na kufunga mlango. Punda akashangaa. Akangoja. Kisha akalia, na hujawahi kusikia kilio cha namna hiyo. Aligonga mlango kwa pua. Aliulilia mlango huo nusu saa nzima. Nilishajua ingekuwa hivyo; tabia inayonyimwa malipo yake hupiga makelele zaidi kabla ya kufa. Kile ambacho sikukijua ni jinsi mama atakavyokuwa upande wa pili wa mlango, amekaa kwenye kigoda, bakuli limejaa mapajani, machozi yanamtiririka na hayafuti. Nilimwambia ampe kidogo tu. Akatikisa kichwa. Alasiri mimi nikampeleka punda kisimani kwa kamba, na aliporudi na maji mama aligonga bakuli kwa nguvu mpaka jirani akauliza kuna nini.

Jumamosi alitoka peke yake, akageuka kushoto, akaenda mpaka kwenye mti wa kwanza, akasimama. Tulimsikia amesimama. Kisha akarudi langoni bila kufika mtoni. Mama hakutoka. Alasiri tukarudia ile ya kamba.

Jumapili hatukwenda kanisani, Mungu atusamehe. Mama alimfunga mitungi yeye mwenyewe, akapapasa kila fundo, akampiga kofi kiunoni. Mimi nilikuwa nimekaa ndani, amenikataza kutoka. Alisimama langoni ameinamisha kichwa, anasikiliza. Kisha akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba punda amegeuka kulia.

Tulisubiri. Nilisikia lori likipita kwenye lami, halafu jingine. Kwaya ilianza kule kanisani, ikamaliza wimbo mmoja, ikaanza wa pili. Mama hakukaa. Vumbi lilikuwa limetulia asubuhi hiyo na milima ilionekana, nikataka kumwambia, nikakumbuka haitamsaidia.

Alizisikia kwato kabla yangu. Hakuligonga bakuli. Alingoja mpaka punda akasimama mbele yake, akanyoosha mikono akashika mtungi wa kwanza, akajaribu kuuinua, haukuinuka. Wa pili. Akazunguka upande mwingine akipitisha kiganja mgongoni mwa punda. Wa tatu. Wa nne. Mikono yake ilikuwa imelowa. Ndipo akaligonga, mara tatu, na punda akazamisha kichwa.

Nilikuwa nimefika mlangoni. Hakunigeukia, alikuwa ameegemeza uso wake kwenye shingo ya punda.

"Nenda ufunge begi lako," akaniambia, "kabla sijampa tena bure."